Tai wa Wakazakhi si mfungwa wa maisha

Wengi huamini kwamba tai wa wawindaji wa Kikazakhi akishanaswa, hafunguliwi mpaka afe. Sivyo. Huko Bayan-Ölgii, magharibi mwa Mongolia, mwindaji huchagua tai jike, kwa kuwa ni mkubwa kuliko dume. Humlisha kwa mkono wake, humfunika macho kwa kofia ya ngozi, na majira ya baridi huwinda naye mbweha. Baada ya miaka kadhaa, aghalabu isiyozidi 10, humpeleka mbali mlimani, humwachia nyama ya kondoo kama zawadi ya kuagana, kisha huondoka. Tai huyu aweza kufikisha miaka 30, kwa hiyo bado ana muda wa kutaga. Wanaomshika kwa ajili ya picha za watalii tu ni habari nyingine, tena ya juzi juzi.