Haiba, jinsia na swali la kujilinganisha na nani

Katika kazi yangu ya saikolojia huulizwa mara kwa mara kama wanawake na wanaume huzaliwa na haiba tofauti, yaani hulka na mienendo tofauti, au hufundishwa kutofautiana. Anayeuliza hutaka jibu moja, ilhali tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za haiba baina ya mtu na mtu huhusiana na urithi wa vinasaba, na inayobaki hutokana na mazingira ya kila namna, utamaduni ukiwemo.

Jinsia huanza kufanya kazi yake hata kabla mtoto hajaweza kusema. Mwaka 1976, John na Sandra Condry waliwaonyesha watu wazima filamu ya mtoto mdogo anayeshtushwa na kikaragosi kinachochomoza ghafla kisandukuni. Walioambiwa kwamba ni mvulana walielekea kuona hasira, na walioambiwa kwamba ni msichana walielekea kuona hofu, ingawa mtoto alikuwa yule yule. Mzazi anayeona hofu hubembeleza. Anayeona hasira huenda akangoja kwanza. Hali hiyo ikirudiwa kwa miaka, sioni ajabu watoto wawili wakikua na mazoea tofauti ya kuonyesha hisia zao.

Mfano ninaoupenda zaidi ni utafiti wa Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List, uliochapishwa mwaka 2009. Washiriki walirusha mipira ya tenisi ndani ya ndoo, na kila mmoja alichagua ama kulipwa kwa kila mpira uliotumbukia, ama kushindana na mtu asiyemwona na kulipwa mara tatu endapo angemshinda. Miongoni mwa Wamasai wa Tanzania, ambao urithi wao hufuata upande wa baba, wanaume walichagua kushindana karibu mara mbili ya wanawake. Miongoni mwa Wakhasi wa India, ambao ukoo hufuata upande wa mama na binti wa mwisho ndiye mrithi mkuu, wanawake ndio waliochagua kushindana zaidi. Jamii mbili hazitoshi kufunga mjadala, lakini zinatosha kumtia mashaka anayedai kwamba ari ya kushindana ni ya kiume kwa asili.

Kutokana na hayo, mtu angetarajia kwamba katika nchi zenye usawa zaidi haiba za wanawake na wanaume zingekaribiana. Matokeo yamekuwa kinyume. Paul Costa na wenzake, mwaka 2001, walilinganisha tamaduni 26. David Schmitt na wenzake, mwaka 2008, walilinganisha mataifa 55. Wote walikuta kwamba kwa wastani wanawake hujitaja kuwa na wasiwasi zaidi na kupatana na watu zaidi kuliko wanaume, na kwamba pengo hilo ni pana zaidi katika nchi zenye ustawi na usawa, hasa za Magharibi.

Wapo wanaosema kwamba uhuru huiachia hulka ya asili ijitokeze. Huenda kuna ukweli ndani yake, ila mimi huanza kwa kukichunguza kipimo chenyewe. Hojaji humwuliza mtu kama yeye ni mpole, bila kumwambia ajilinganishe na nani. Penye mgawanyo mkali wa majukumu, mwanamke huelekea kujipima kwa wanawake wenzake na mwanamume kwa wanaume wenzake, hivyo pengo hupungua kwenye karatasi hata kama lipo katika maisha. Pale ambapo wote hujipima kwa kundi moja, pengo huonekana wazi. Kwa sababu hiyo siamini wastani wa taifa lolote kabla ya kujua washiriki walijilinganisha na nani.

Ukubwa wa pengo nao hutiwa chumvi. Janet Hyde alipopitia chambuzi 46 za tafiti mwaka 2005, alikuta kwamba asilimia 78 ya tofauti za kijinsia katika sifa za kisaikolojia zilikuwa ndogo au zilikaribia sifuri. Isitoshe, hata orodha ya sifa kuu tano za haiba tunazopima (kupenda mambo mapya, bidii na utaratibu, uchangamfu, kupatana na watu, na wasiwasi) haijathibitika kila mahali: mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake waliipima miongoni mwa Watsimane wa Bolivia, wanaoishi kwa kilimo na kuwinda, na sifa hizo tano hazikujitenga kama zilivyozoeleka kwingineko.