Kilengeo cha pili kwenye bunduki: kikae wapi?

Mwindaji mwenzangu wa Handeni alinionyesha bunduki yake ya boliti, ile unayoijaza risasi kwa kuvuta na kusukuma kipini kwa mkono, wiki iliyopita. Juu ya darubini alikuwa amefunga kilengeo kidogo cha nukta nyekundu, yaani kioo kinachoonyesha nukta ya kulengea, kimsaidie endapo nyati atamtokea ghafla kichakani. "Kaka, kikikaa juu zaidi ndiyo naona vizuri," akasema.

Dhana hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Risasi haitoki jichoni, inatoka kwenye mtutu. Darubini ya kawaida hukaa sentimita 4 au 5 juu ya katikati ya mtutu. Nukta ikipanda juu ya darubini, unafika sentimita 9 hivi. Ukiipima ipige katikati kwa mita 50, basi kwa mita 10 risasi itapiga karibu sentimita 7 chini ya nukta. Bana vidole vinne pamoja uone upana huo, kisha fikiria nyati anakujia uso kwa uso: risasi uliyoielekeza kwenye ubongo inapita chini yake. Juu ya hayo, shavu lako limeachana na kitako cha bunduki, nayo haitulii.

Wengine wanakikataa kilengeo cha ubavuni, kile kinacholala nyuzi 45, wakiamini kinapeleka risasi pembeni. Si kweli. Ukiilaza bunduki mpaka kilengeo kisimame wima juu ya mtutu, tofauti inabaki ya juu na chini tu. Risasi huenda pembeni ukiilaza nusunusu. Kwa hiyo kipime bunduki ikiwa imelazwa vilevile utakavyoishika porini.

"Mtu wa mkono wa kulia akifunge kulia." Mara nyingi ndivyo, maana kuilaza bunduki kushoto ni rahisi kwake. Lakini kwenye bunduki nyingi za boliti, mkono wa boliti uko kulia, na maganda hurukia huko huko. Hakikisha chemba ni tupu, kisha vuta na sukuma boliti kwa kasi mara ishirini. Mimi nilichubuka vifundo vya vidole kwa kilengeo kilichokaa nyuma mno. Kukisogeza mbele kulimaliza tatizo.

Lakini usikisogeze mpaka ukakifunga kwenye mtutu wenyewe. Mtutu hupata moto na kutikisika.

Na wale wanaosema darubini ikishapimwa nukta nayo imepimwa? Hapana. Kila kimoja kina skrubu zake za kurekebishia na kinataka risasi zake za kupimia.

Mwenzangu alikubali kukishusha ubavuni. Tulikwenda uwanja wa shabaha, tukakipima kwa mita 50, halafu tukapiga karatasi kwa mita 10. Matundu yalikaa sentimita 3 chini ya nukta. Akaandika namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito kwenye utepe, akaubandika kitakoni, pale macho yake yanapopita kila anapoiinua bunduki.