Asisat Oshoala: umaarufu wake haukuanzia Barcelona

"Barcelona ndiyo iliyompa jina." Kauli hii husikika kila anapotajwa Asisat Oshoala, straika wa Nigeria, na kwa kweli inamdhulumu. Alitua Barcelona Januari 2019. Miaka mitano kabla ya hapo, kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 20 huko Kanada, alikuwa ameshapachika mabao 7, akabeba Kiatu cha Dhahabu (mfungaji bora) na Mpira wa Dhahabu (mchezaji bora) kwa mpigo, na Nigeria ikafika fainali. Mwaka 2015 BBC ikaanzisha tuzo ya mwanasoka bora wa kike na kuwaachia mashabiki wapige kura. Nyota Marta wa Brazil alikuwamo kwenye orodha. Mashabiki wakamchagua binti wa Ikorodu, Lagos, akiwa na miaka 20 tu! Barcelona ilimpandisha jukwaa kubwa zaidi, hilo halina ubishi, lakini ilisajili mtu ambaye tayari alikuwa na watu wake.

Wengine hudai tuzo zake sita za mwanasoka bora wa kike Afrika ni wingi wa kura za Wanigeria tu. Hapana. Tuzo hizo za CAF, shirikisho la soka Afrika, haziamuliwi na mashabiki. Kati ya wanaopiga kura wamo makocha wa timu za taifa. Na ukitaka hesabu, msimu wa 2021/22 alifunga mabao 20 akamaliza kileleni mwa wafungaji wa ligi ya Hispania, sawa na Mbrazil Geyse.

Kinachoniuma zaidi ni madai kwamba alivua jezi Brisbane kutafuta kiki. Turudi kwenye mechi yenyewe, Julai 2023, Kombe la Dunia, dhidi ya wenyeji Australia. Oshoala alianzia benchi. Aliingia kipindi cha pili, na dakika ya 72 beki na kipa wakategeana mpira. Akauwahi, akausukumia wavuni akiwa pembeni kabisa, karibu na mstari wa goli. 3-1. Jezi ikavuliwa, kadi ya njano ikatoka, na picha ikazunguka dunia. Bao hilo ndilo lililomfanya kuwa Mwafrika wa kwanza kufunga katika Kombe la Dunia la wanawake mara tatu tofauti: 2015, 2019 na 2023. Aliyeanzia benchi akafanya hivyo mbele ya uwanja uliojaa mashabiki wa wapinzani ana kila haki ya kushangilia atakavyo.

Wapo pia wanaodhani nyumbani alibebwa. Mwenyewe ameshaeleza kwamba wazazi wake walitaka asome, mpira hawakuutaka.

Na kwamba ameisha? Julai 2025 alifunga dhidi ya Tunisia kwenye Kombe la Afrika, Nigeria ikatwaa taji lake la kumi. Mwaka huohuo akajiunga na Al Hilal ya Saudi Arabia, nchi ambako Clara Luvanga wetu wa Tanzania alitangulia kutikisa nyavu akiwa na Al Nassr.