Salem hakuna mchawi aliyechomwa moto

Hadithi nyingi za kutisha zinazotokana na kesi za uchawi za Salem, Massachusetts, katika Marekani ya leo, mwaka 1692, humfunga mshtakiwa kwenye nguzo na kumwashia kuni. Si kweli. Watu 19, wanawake 14 na wanaume 5, walinyongwa kwa kamba. Giles Corey, mzee wa miaka 80 hivi, alikataa kukubali kuhukumiwa na mahakama ile, akarundikiwa mawe kifuani mpaka akafa. Wengine wasiopungua watano walifia gerezani.

Sababu ni ya kisheria. Massachusetts ilikuwa koloni la Uingereza, na kwa sheria ya Kiingereza adhabu ya uchawi ilikuwa kitanzi. Moto ulitumika Uskoti na sehemu nyingi za Ulaya bara, kama nchi za Kijerumani.

Kwa mwandishi wa hadithi, kosa hili linapoteza jambo zito zaidi. Mahakama ilipokea ushahidi wa mzuka: shahidi alidai kwamba umbo la mshtakiwa lilimjia na kumkaba, hata kama mshtakiwa mwenyewe alikuwa kwake amelala. Utajiteteaje? Tena, aliyekiri aliachwa hai ili awataje wenzake. Waliopanda kitanzini ni wale waliokana. Hofu hiyo inatosha kubeba hadithi nzima bila kijiti cha kiberiti. Oktoba 1692 Gavana William Phips aliivunja mahakama hiyo, na iliyofuata Januari 1693 ikaukataa ushahidi wa mzuka. Wengi wa waliobaki wakaachiwa.