Ushiriki wa mbali katika tamasha la laivu

Ushiriki wa mbali ni hali ya anayetazama tamasha kwa simu kufanya jambo likawafikia wanamuziki, nao wakamjibu muziki ukiendelea. Kumwaga alama za moyo kwenye skrini hakutoshi ikiwa hakuna mtu jukwaani anayeziona.

Kisumu na Nyanza kwa jumla, hamu hii si ngeni. Iko pakruok: bendi ya ohangla au benga, mitindo ya muziki wa Waluo, ikipiga, mtu anatoa pesa, ala zinashushwa, anajisifu yeye, shemeji zake na kijiji alikozaliwa, kisha muziki unapanda tena. Kwa hiyo aliye majuu haridhiki na picha safi pekee, anataka zamu yake. Siku hizi anatuma ujumbe na pesa kwa simu, emsii akamsomea.

Kikwazo ni kuchelewa. Video ya laivu kwa kawaida hukatwa vipande vya sekunde kadhaa, na simu hukusanya vichache kabla ya kuonyesha ili mtandao ukiyumba picha isikwame. Vipande vitatu vya sekunde 6 tayari ni sekunde 18. Ukimwona mpiga orutu, fidla ya uzi mmoja, akiinua uta, yeye keshafika ubeti mwingine. Kupiga makofi pamoja naye ndiyo usahau kabisa, maana hata wanamuziki wenyewe huanza kupotezana sauti zikicheleweshwa milisekunde 30 hivi.

Zipo teknolojia kama WebRTC zinazoshusha kuchelewa huko hadi chini ya sekunde moja, ingawa mtandao ukiwa dhaifu picha hukatika ovyo. Mimi naona bendi nyingi haziihitaji kasi hiyo. Pakruok haidai kasi, inadai nafasi. Emsii awe na simu ya pili, asubiri kibwagizo kiishe, amtaje mtu na kwao, kisha mpiga nyatiti, kinubi cha nyuzi nane, ajaze ile nusu dakika hivi ya kuchelewa jibu likiwa njiani. Kura ya wimbo unaofuata nayo ifunguliwe huu ukiwa katikati, la sivyo jukwaa litakaa kimya likisubiri.

Tena, maikrofoni moja ielekezwe kwa watu ukumbini. Waya utokao kwenye mixer, mashine ya kuchanganya sauti, hubeba ala na waimbaji tu, na mtu wa Doha aliyelipia sifa anataka kusikia watu wakimcheka na kumshangilia.