Safari ndefu kwa gari la umeme: kilomita za kwenye karatasi na za barabarani

Anayenunua gari la umeme huuliza kwanza: linakwenda kilomita ngapi? Muuzaji humtajia namba moja, tuseme 400, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba atachaji kila baada ya kilomita 400. Mjini hatakuwa amekosea sana. Safarini atashangaa, ingawa hakuna aliyemdanganya.

Namba hiyo hutoka maabara. Katika kipimo cha WLTP, kinachotumika Ulaya, gari huendeshwa juu ya rola kwa dakika 30, katika nyuzijoto 23, na mwendo wake wa wastani haufiki kilomita 47 kwa saa. Lina nafasi nyingi za kupunguza mwendo, na kila linapopunguza, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Kwenye barabara kuu iliyonyooka hakuna cha kurudisha, kuna kupambana na upepo tu. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 90 ukafika 120 kwa saa, umeongeza mwendo kwa theluthi moja, lakini hewa sasa inakuzuia kwa nguvu iliyozidi ya awali kwa karibu asilimia 78. Funga na mizigo juu ya paa, hali inakuwa mbaya zaidi.

Namba ya kuijua, basi, ni hii: gari lako linakula kilowati-saa (kWh) ngapi kwa kilomita 100, kwa mwendo unaouendesha wewe. Magari mengi huionyesha kwenye dashibodi. Tuchukue betri yenye kWh 60 zinazotumika. Gari likila 15 kwa kilomita 100, zinatoka kilomita 400 kamili. Likila 20 kwa sababu ya mwendo mkali, zinabaki 300. Tena hizo 300 ni za kutoka betri ijae hadi iwe tupu kabisa, na hakuna dereva mwenye busara anayefanya hivyo. Ukiondoka na asilimia 100 na kufika kituoni na 10, umekwenda kilomita 270. Kuanzia hapo, kwa kawaida utachaji hadi 80 tu, kwa hiyo kila kipande cha safari kinachofuata ni kilomita 210. Hiyo ndiyo namba ya kupangia vituo.

Kwa nini 80? Betri hupokea umeme kama basi linavyopokea abiria: wa kwanza hukaa upesi, wa mwisho huhangaika kutafuta kiti. Chaji inapokaribia kujaa, gari lenyewe huibana kasi ili lisiiumize betri, na katika magari mengi kutoka 80 hadi 100 kunaweza kuchukua muda unaokaribia ule wa kutoka 10 hadi 80. Ukiwa na haraka, chomoa uende. Ni afadhali kusimama mara mbili kwa muda mfupi kuliko mara moja kwa muda mrefu, mradi vituo vipo. Pasipo na kituo mbele, subiri ijae, usione haya.

Jambo linalowachanganya wengi ni kasi ya chaja. Umeme wa gridi ni wa AC (mkondo unaobadili mwelekeo kila mara), betri inataka DC (mkondo wa mwelekeo mmoja). Kwenye chaja za kasi, ubadilishaji hufanyika ndani ya mtambo wa kituo na umeme unaingia moja kwa moja kwenye betri. Kwenye chaja za kawaida, kazi hiyo hufanywa na kifaa kilichomo ndani ya gari, na kifaa hicho kina kikomo chake. Ukichomeka gari lenye kifaa cha kilowati 11 kwenye nguzo iliyoandikwa 22, utapata 11. Kwa betri yetu, kutoka 10 hadi 80 ni kWh 42: kwa wastani wa kilowati 100 ni kama dakika 25, kwa 50 ni dakika 50, kwa 11 ni takriban saa nne. Chaja ya saa nne haifai katikati ya safari, lakini pale unapolala ni bora kuliko zote: unaamka gari limejaa. Kabla ya kuondoka hakikisha pia kwamba plagi ya kituo inaingia kwenye gari lako. Aina za plagi kama CCS2, CHAdeMO, GB/T na NACS haziingiliani bila adapta.

Baridi hupunguza kilomita kwa njia mbili. Kupasha joto ndani ya gari hula betri, maana hakuna injini yenye joto la bure. Na betri baridi hukataa chaji ya kasi. Kwenye magari mengi ya sasa, ukikiweka kituo cha kuchaji kwenye ramani ya gari, linaanza kuipasha betri likiwa bado njiani.

Milima nayo ina hesabu yake. Kulipandisha gari la tani mbili mita 1,000 juu kunahitaji kama kWh 5.5 zaidi ya matumizi ya kawaida. Sehemu yake hurudi unaposhuka, isipokuwa kama umechaji hadi 100 ukiwa kileleni: betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme huo, na breki za kawaida ndizo zitakazobeba kazi.

Usipange safari inayotegemea kituo kimoja tu. Chaja huharibika, au unakuta foleni. Unapokikaribia kituo ulichokusudia, uwe na chaji ya kukufikisha kwenye kinachofuata. Ukiona asilimia zinashuka kuliko ulivyotarajia, punguza mwendo mapema, ungali na 30. Ukingoja hadi 8, kilomita utakazookoa ni chache mno.