Kupunguza pregabalini kwa sababu ya kunenepa: dhana potofu na ukweli

Wagonjwa wengi wa kisukari ambao nyayo zao huwaka moto usiku, pamoja na wale waliobakiwa na maumivu baada ya mkanda wa jeshi, huandikiwa pregabalini au gabapentini, dawa za kutuliza maumivu ya neva. Maumivu yakitulia na nguo zikaanza kubana, baadhi yao huiacha dawa kimyakimya, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Dhana: Anayenenepa ni mlafi, dawa haihusiki.

Ukweli: Dawa inahusika. Pregabalini huongeza hamu ya kula, na kwa baadhi ya watu huufanya mwili uhifadhi maji. Katika majaribio yaliyofikia wiki 14, watumiaji 9 kati ya 100 waliongezeka asilimia 7 ya uzito wao au zaidi, ambayo kwa mtu wa kilo 70 ni karibu kilo 5, ilhali miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 2 tu kati ya 100. Kumlaumu mgonjwa ni kumdhulumu, tena humfanya aone haya kumweleza daktari.

Dhana: Dawa ya maumivu inaweza kuachwa siku yoyote.

Ukweli: Mfumo wa neva uliozoea kutulizwa kwa miezi mingi hushtuka dawa inapokatwa ghafla: usingizi hupotea, jasho hutoka, mgonjwa hupata kichefuchefu, kuhara, maumivu ya kichwa na wasiwasi mkubwa, na degedege inaweza kutokea, hasa kwa mwenye kifafa. Maelezo ya dawa yenyewe yanataka ipunguzwe kwa muda usiopungua wiki 1, lakini kwa aliyeitumia muda mrefu huo ni mfupi mno. Mwongozo unaotumika Uingereza huruhusu dozi ya pregabalini ya siku nzima ipunguzwe kwa miligramu 50 hadi 100 kila wiki, wala si zaidi. Anayetumia miligramu 300 kwa siku, akishuka 50 kila wiki, atahitaji wiki 6. Hesabu hii inaonyesha urefu wa safari tu. Ratiba hupangwa na daktari, anayejua hali ya figo za mgonjwa, kwa kuwa dawa hii hutolewa mwilini kupitia figo.

Dhana: Ukijisikia vibaya baada ya kupunguza, ni ishara kwamba huwezi kuishi bila dawa.

Ukweli: Mara nyingi ni mwili unaozoea dozi ndogo. Daktari anaweza kukuacha kwenye hatua hiyo kwa wiki kadhaa kabla ya kuendelea, au kufanya hatua zinazofuata kuwa ndogo zaidi.

Dhana: Ukihamia amitriptilini, dawa nyingine ya maumivu ya neva, utapungua.

Ukweli: Nayo hunenepesha. Duloksetini, nayo dawa ya maumivu ya neva, kwa kawaida haiongezi uzito kwa kiasi hicho, ila haimfai mwenye ugonjwa wa ini. Mwenye kisukari akumbuke pia kwamba dawa za kisukari za insulini na pioglitazoni huongeza uzito, hivyo orodha ya dawa zote ipitiwe kabla ya kuihukumu moja.

Uzito ukipanda ghafla ndani ya siku chache, miguu ikavimba na pumzi zikabana, yanayoongezeka huenda ni maji wala si mafuta, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri ratiba ya kupunguza dozi.